Hita isiyojua kukoma



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wasomaji wa ukurasa huu wa familia watatuwia radhi kwamba juma hili tumeliweka kando suala la ada za shule tulilokuwa tumeliahidi. Limetokea jambo nyumbani kwetu ambalo tumeona si uungwana kulinyamazia, hasa kwa vile kipupwe ndiyo kwanza kimeingia, na hita za maji zinawashwa katika nyumba nyingi ambazo kwa miezi kadhaa hazikuwa na haja nazo.

Mama yetu mzazi, ambaye tunaishi naye, ana umri wa miaka sabini na ushei, na maradhi ya kisukari yamemkaa kwa muda mrefu. Alfajiri moja, majuma matatu yaliyopita, aliingia bafuni kutawadha kabla ya adhana kama ilivyo ada yake. Huketi juu ya kigoda mbele ya mabomba mawili ya chini, la moto na la baridi, akayafungua yote mawili kidogo kidogo. Maji ya kwanza yaliyotoka yalikuwa yale yaliyolala bombani usiku kucha. Kwa hayo akaosha viganja, akasukutua, akaosha uso na mikono, akapaka maji kichwani. Alipofika kwenye miguu, maji yaliyokuwa ndani ya hita yalikuwa yamekwisha fika bombani. Akauweka mguu wa kulia chini ya bomba, akausugua, akaupitisha mkono mwingine wa kopo kuzichanganua vidole, wala hakuhisi kitu.

Mjukuu wake wa miaka tisa, aliyekuja nyuma yake kusubiri zamu, ndiye aliyepiga kelele.

"Bibi, mguu wako unatoka moshi!"

"Moshi gani, mjukuu wangu? Maji haya ni ya uvuguvugu tu."

Kufikia Adhuhuri unyayo na vidole vitatu vilikuwa vimejaa malengelenge. Daktari alitueleza jambo ambalo kila nyumba yenye mgonjwa wa kisukari ingepaswa kulijua. Maradhi hayo yanapodumu huua mishipa ya fahamu, na aghalabu huanzia miguuni. Mtu hubaki na mguu unaotembea lakini usiohisi mwiba, moto wala maji yanayounguza. Tena mguu huohuo ndio ulio mzito kupona, kwa kuwa damu haiufikii vizuri. Basi mzee wa namna hii, anayetia maji miguuni mwake mara tano kila siku, ana hatari ambayo sisi tulioishi naye miaka yote hatukuwahi kuifikiria hata mara moja.

Sasa turudi kwenye hita yenyewe, kwani ndipo palipo na aibu yetu.

Majuma matatu kabla ya alfajiri hiyo tulikuwa na akika. Wageni walioga kwa zamu, na hita iliachwa ikiwaka kuanzia asubuhi hadi Magharibi. Usiku ikawa haipashi tena. Kesho yake akaja fundi kijana, akafungua kifuniko cha chini, akafanya kazi nusu saa, na maji yakapata moto. Tulimlipa na kumwombea dua. Na alipokuwa akikusanya bisibisi zake, sisi wenyewe, kwa ulimi wetu, tukamwomba atuzibie ile valvu ndogo iliyo chini ya hita, kwa sababu ilikuwa ikidondosha maji na kuchora doa la rangi ya chai ukutani. Akaiziba kwa kifuniko cha plastiki na tepu nyeupe ya mafundi bomba. Tukaona ametutendea hisani.

Baada ya mama kuungua tulimwita fundi mwingine, mtu wa makamo. Alizima umeme kwenye swichi kuu, akafungua kifuniko kilekile, akanyamaza kidogo.

"Ustadhi," akasema, "hapa pana kipande cha waya ambacho kiwanda hakikukiweka."

Ili msomaji auelewe uzito wa kipande kile cha waya, hatuna budi kueleza hita ya tangi inavyofanya kazi. Ndani ya gamba la nje kuna pipa la chuma linalobeba lita 30, 50, 80 au 100. Ndani ya pipa kuna elementi, ule mrija uliopindwa unaopata moto umeme unapopita. Elementi yenyewe haina akili yoyote. Maadamu umeme unaifikia, itapasha, na maji yakichemka itaendelea kupasha. Kwa ajili hiyo watengenezaji wameiwekea walinzi watatu.

Mlinzi wa kwanza ni themostati. Ni kijiti kilichotiwa ndani ya mrija mwembamba uliozama majini. Joto linapofika kiwango kilichowekwa, tuseme nyuzi 60, kilichomo ndani yake hutanuka na kuziachanisha ncha mbili za umeme, na elementi hupumzika. Maji yakipoa, ncha hukutana tena. Kila zinapokutana na kuachana hutoka cheche ndogo. Jambo hili hutokea mara nyingi kwa siku, kwa miaka, na iko siku ncha hizo huyeyuka na kugandana. Hapo themostati huwa imekufa katika hali ya kuruhusu, na hali hiyo ni mbaya kuliko kufa katika hali ya kukataza, kwa sababu maji ya moto yanaendelea kupatikana na hakuna anayeshuku.

Mlinzi wa pili ni kikata joto. Huyu hafanyi kazi siku za kawaida. Hungoja tu, themostati ikishindwa na maji yakapanda hadi nyuzi 80 au 90 hivi, yeye hukata umeme moja kwa moja na haurudishi mwenyewe. Ni lazima mtu abonyeze kitufe kidogo, aghalabu chekundu, kilicho ndani ya kifuniko. Msomaji ameshaona tunapoelekea. Siku ya akika themostati yetu ilikuwa imegandana, maji yakapanda kupita kiasi, na kikata joto kikafanya kazi yake sawasawa. Hita "iliyoharibika" siku ile kwa hakika ilikuwa imetuokoa. Kijana wetu alipima kwa tesita, akaona umeme unaishia hapo, akakiruka kikata joto kwa kipande cha waya. Kwa lugha ya mafundi, aliunganisha moja kwa moja.

Mlinzi wa tatu ni valvu ya usalama, ile tuliyoiziba. Kazi yake ni kutoa maji shinikizo linapozidi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, ambacho katika hita nyingi za nyumbani ni baa 8. Watu wengi, nasi tukiwa miongoni mwao, hudhani valvu inayodondosha imeharibika. Maji yakipashwa hutanuka. Lita 80 za maji ya nyuzi 20 zikifikishwa nyuzi 60 huongezeka kwa zaidi kidogo ya lita moja, na nyongeza hiyo haina pa kwenda ndani ya pipa lililojaa. Basi hutoka tone kwa tone pale chini, na hita ikizima matone hukoma. Hilo si kosa. Valvu inayotiririka bila kukoma, au inayotoa mvuke, au inayodondosha hata hita ikiwa baridi, hiyo ndiyo yenye habari ya kukupa. Na dawa ya doa ukutani ni kipande cha mpira mwembamba kinachopeleka maji kwenye tundu la sakafu. Mpira huo tuliununua kwa bei ndogo kuliko soda ya wageni.

Walinzi wote watatu wakiondoka, maji yaliyofungiwa hayakomi kwenye nyuzi 100, kwani chini ya shinikizo maji hupanda kupita hapo bila kuchemka. Pipa likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke kwa mara moja, na maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Huo ni mripuko unaoweza kubomoa ukuta wa bafu.

Kwa nini basi letu halikupasuka? Fundi wa pili alituonyesha. Chini ya valvu ya usalama mna kikope kidogo kinachozuia maji ya hita yasirudi kwenye bomba la baridi. Chetu kilikuwa kimekula kutu na hakikufunga. Kwa hiyo maji yaliyotanuka yalirudi nyuma yakapanda hadi kwenye tangi la juu ya paa, ambalo liko wazi. Ubovu mmoja ulitukinga na ubovu mwingine, kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Lakini ubovu huohuo ndio uliofanya bomba la baridi nalo litoe maji ya moto, ndiyo maana mama alipochanganya hakuchanganya kitu. Na kwa nini hatukugundua kwa majuma matatu? Kwa sababu desturi yetu ni kuiwasha hita saa moja kabla ya kuoga na kuizima. Hita ya lita 50 yenye elementi ya kilowati 1.5 huhitaji takriban saa moja na nusu kufikisha maji ya kawaida kwenye nyuzi 60, na saa tatu hivi kuyachemsha. Usiku ule iliwashwa saa mbili, baada ya Isha, na kila mmoja wetu akadhani mwenzake ameizima.

Yapo mambo ambayo mwenye nyumba anaweza kuyapima bila kufungua kitu chochote, na laiti tungeyajua mapema. La kwanza ni mita ya Luku. Hita kama yetu ikifika nyuzi 60 na kupumzika hula uniti mbili na kitu, na kidogo cha kulinda joto. Ikiwaka saa tisa bila kukoma hula uniti kumi na tatu na nusu. Mita yetu ilisema kweli asubuhi ile. Sisi ndio tulikuwa hatuisomi. La pili ni taa ya hita. Katika hita nyingi taa huwaka elementi inapopasha na kuzimika inapopumzika, ingawa zipo ambazo taa yake huwaka maadamu swichi iko wazi, kwa hiyo kijitabu cha hita kisitupwe. Taa ya aina ya kwanza isiyozimika hata baada ya saa mbili au tatu ilhali hakuna aliyeoga ni shahidi wa kutosha. La tatu ni sikio. Hita inayonguruma kama sufuria ya kokoto ina ukoko wa chokaa juu ya elementi. Wanaotumia maji ya kisima katika miji yetu ya pwani wanaujua ukoko huo kwenye birika. Ndani ya hita hufanya kama ukoko wa wali uliogandia chini ya chungu, yaani chini kunaungua ilhali juu hakujaiva. Ukiufunika na ule mrija wa themostati, basi themostati hupata habari kwa kuchelewa, na maji yanakuwa yamekwisha pita kiwango. La nne ni bomba la baridi kutoa maji ya moto. Na la tano ni kipimajoto cha jikoni: ngoja taa izimike, acha maji ya moto yatiririke dakika moja, kinga bilauri, soma. Kama umeweka 60 na kipimajoto kinasema 75, haifai kungoja mwisho wa mwezi.

Ukiona mvuke unatoka bombani, zima umeme kwenye swichi kuu au sakiti breka iliyo nje ya bafu, si kwa swichi iliyo karibu na maji wala kwa mkono uliolowa. Waondoe watoto, funga mlango, iache ipoe saa nyingi. Usiifungue valvu kwa mkono ili "kuipumzisha". Na kile kitufe chekundu kisibonyezwe na mtu asiyejua kwa nini kiliruka. Kubonyeza na kushukuru kwamba maji yamerudi ni kumwamsha mlinzi na kumwambia hakuna mwizi, ilhali mwizi yumo chumbani.

Kazi inayobaki ni ya fundi wa umeme, lakini mwenye nyumba anayo haki ya kuuliza, na hapa tunasisitiza kwa sababu wengi wetu huona haya kumhoji fundi. Muulize: themostati imepimwa ikiwa moto, au imeangaliwa tu? Kijiti chake kimeingia hadi mwisho wa mrija? Kikata joto kipo, na kimeunganishwa? Waya wa ethi umefungwa kwenye pipa na unafika ardhini kweli? Na swali moja ambalo hata mafundi wazuri husahau: waya wa moto na wa nyutro havikubadilishana nafasi? Zipo themostati zinazokata waya mmoja tu. Zikikata nyutro badala ya waya wa moto, elementi hubaki na umeme hata inapodhaniwa imelala. Ikiwa gamba la elementi limepasuka, umeme hupita majini kuelekea ardhini, maji yakaendelea kupata moto ilhali themostati imekata, na anayegusa bomba akapigwa. Familia yenye uwezo na iweke kwenye ubao wa umeme kile kikatizi kinachozima mara umeme unapovuja kuelekea ardhini. Bei yake ni ndogo mbele ya kinacholindwa.

Wenzetu wanaoishi na mgao wa maji wana jambo lao. Ikiwa kile kikope cha kuzuia maji yasirudi hakifungi, tangi la paa linapokauka hita nayo huweza kumwagika kinyumenyume bila mtu kujua. Elementi ikiwashwa pakavu huungua kwa muda mfupi. Maji yakikatika, zima hita; na yakirudi, fungua bomba la moto hadi maji yatoke mfululizo bila kupiga mapovu, ndipo uwashe. Ama zile hita ndogo zinazofungwa kwenye shawa, ugonjwa wake kwa kawaida ni maji machache: tangi la paa liko chini mno au vitundu vya shawa vimezibwa na chokaa, maji yanapita polepole yakaungua. Safisha vitundu kwa siki kabla ya kumwita fundi. Wenye maji ya chumvi wanunue zile zilizotengenezwa kwa maji hayo, kwani zipo.

Tuiweke themostati wapi? Hapa mna mvutano wa kweli. Maji ya vuguvugu yanayokaa tangini, kati ya nyuzi 20 na 45, hulea bakteria waitwao Legionella, waliotambuliwa baada ya watu wengi kuugua katika mkutano mmoja mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Nyuzi 60 huwaua. Lakini nyuzi 60 hizohizo huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Ilhali kwa nyuzi 49 huchukua dakika kadhaa. Rai yetu ni kwamba pipa liwe nyuzi 60 na maji yachanganywe kabla ya kumfikia mtu: ama kwa bomba lenye kichanganyio kinachojirekebisha, ama kwa ndoo. Na ndooni baridi itangulie, moto ufuate. Apimaye atumie kiwiko. Katika nyumba yenye mgonjwa wa kisukari, apime mtu mwingine mwenye afya, au kipimajoto, wala mguu usiwe ndio kipimo.

Wapo watakaouliza juu ya sheria. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, wamesema ni makuruhu kutawadha kwa maji ya moto sana au ya baridi sana, kwa sababu mtu hukimbiza viungo asivitimize kuviosha, na kwa kuchelea madhara. Maji yaliyopashwa kwa moto kwa kiasi hayana ubaya. Palikuwa na mjadala mrefu juu ya maji yaliyopashwa na jua katika vyombo vya madini kwenye nchi za joto. Wengi katika madhehebu waliyakirihi kwa kuchelea ugonjwa wa ngozi, naye Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, akaona dalili haitoshi kuyakirihi. Tunalitaja hili kwa kuwa hita za jua zimeenea mapaani, na swali limekwisha tufikia mara mbili. Wallahu a'lam. Na asiye na njia ya kupasha maji, akachelea madhara ya baridi, anayo ruhusa ya tayamamu. Inajulikana habari ya sahaba Amr bin al-As katika msafara wa Dhat as-Salasil, mwaka wa 8 Hijria, alipopatwa na janaba katika usiku wa baridi kali, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoelezwa sababu alicheka na hakumlaumu. Dini hii haikumtaka mtu aangamie kwa baridi ili atawadhe, seuze aungue.

Mama alipofungwa bendeji, sheikh wa msikiti wetu alimwelekeza aoshe viungo vilivyo vizima, apanguse juu ya bendeji kwa mkono uliolowa, na atayamamu kwa ajili ya sehemu iliyoungua. Daktari naye aliridhia kupangusa huko maadamu bendeji hailoi. Wenye hali kama hiyo wawaulize wote wawili, kila mmoja kwa lililo lake.

Mtu akiungua kwa maji ya moto, muda wa mwanzo una thamani kubwa. Mvue pete, bangili na nguo zisizogandia, weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20 kamili kwa saa. Barafu hapana. Dawa ya meno, ute wa yai, samli na mafuta ya taa, hapana. Na asali, ambayo sote tunaijua heshima yake, nayo isitangulie maji. Kidonda kikishaonwa na tabibu, tabibu ataisemea. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, usipasue malengelenge, nenda hospitali. Sisi tulimtia mama maji kwa dakika tano tukadhani yatosha. Jirani yetu akaja mbio na dawa ya meno, kwa mapenzi yake. Dakika nyingine kumi na tano zilitupita hivyo, tukibishana mlangoni.

Jamaa zetu walioko Uingereza wanaosoma gazeti hili wana mashine nyingine, boila ya gesi inayopasha maji ya bafu na pia yale yanayozunguka kwenye radieta za vyumbani. Boila ikipata joto kupita kiasi hujifunga yenyewe na kuonyesha alama. Mara nyingi pampu imekwama, au maji yamepungua, jambo ambalo saa ya shinikizo itakuonyesha: ikiwa baridi isome kati ya baa 1 na 1.5. Pengine hewa imenasa mabombani, au tope jeusi la kutu limeziba njia, au mtu amefunga radieta zote isipokuwa moja. Kusoma saa na kufungua radieta ni kazi yako. Kufungua boila yenyewe si kazi yako wala si ya binamu yako mwenye spana. Sheria ya huko inamtaka fundi aliyeandikishwa katika daftari la Gas Safe. Usiibonyeze kuiwasha tena na tena. Na nyumba isikose king'ora cha hewa ya monoksidi ya kaboni, kwani hewa hiyo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Hita yetu sasa ina themostati mpya, kikata joto kipya, valvu mpya yenye kikope kizima, na mpira wa kupeleka matone sakafuni. Yule kijana wa mwanzo tulimwita, si kwa kumshitaki. Fundi wa makamo akamwonyesha kipande cha waya, naye akakitia mfukoni bila kusema neno. Ametuambia baadaye kwamba amerudi katika nyumba mbili alizofanya vivyo hivyo.

Kidonda cha mama bado hakijafunga, na tunaomba dua za wasomaji. Amekataa kutawadhishwa. Kilichokubaliwa ni kwamba mjukuu wake huamka kabla yake, akachanganya maji ndooni, akatia kiwiko, akahesabu hadi kumi, ndipo akaita. Ada za shule tutazizungumza juma lijalo, inshaAllah.